Uso wa mkulima wa mwani: kivuli kwanza, mkorogo usikae dukani

Ndugu wakulima na wenye maduka, leo naacha kidogo mbegu na mbolea, nazungumzia uso.

Tangu kilimo cha mwani kianze kibiashara hapa Zanzibar mwaka 1989, kazi hii imekuwa zaidi mikononi mwa wanawake. Wakati wa bamvua wanashuka pwani maji yakipwa, na siku hizo maji hupwa sana asubuhi jua likiwa linapanda. Mama anainama juu ya kamba zake kwa saa kadhaa. Jua linampiga kutoka juu, kisha linampiga tena likirudi kutoka kwenye maji na mchanga mweupe. Msimu baada ya msimu pua na mashavu yanakuwa meusi, na sehemu iliyofunikwa na mtandio inabaki na rangi yake ya mwanzo. Harusi ikikaribia anakwenda dukani kuuliza kama kuna kitu cha kusawazisha rangi ya uso. Mara nyingi anachopewa ni mkorogo.

Maoni yangu ni kwamba mama huyu hana kosa. Kutaka uso wenye rangi moja ni haki ya kila mtu, awe mkulima au bibi harusi. Kosa ni kumuuzia kitu kitakachomharibu, hali dawa ya tatizo lake ipo na ni rahisi zaidi. Na mtu wa kwanza anayeweza kulizuia kosa hilo ni mwenye duka.

Kwanza tuelewe uso unavyobadilika. Ngozi ina rangi yake iitwayo melanini, na kazi ya rangi hiyo ni kuwa mwavuli. Jua likizidi, ngozi huongeza mwavuli. Weusi wa mashavu ni alama ya ngozi inayojitetea. Tena tabaka la juu la ngozi hupukutika kidogo kidogo na kujengwa jipya, kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Jua likipunguzwa, sehemu kubwa ya weusi huo hupungua wenyewe baada ya wiki kadhaa, na mwengine baada ya miezi. Anayepaka dawa leo na kesho akarudi juani bila kofia ni sawa na anayekausha karafuu kwenye mvua.

Huko Ulaya mambo ni kinyume. Watu weupe hununua mafuta ya kujipaka ili wawe wa kahawia kama waliotoka pwani. Ndani yake mna kitu cha jamii ya sukari kiitwacho dihidroksiasetoni, ambacho hugeuza rangi ya tabaka la juu lililokwishakufa, na baada ya siku chache rangi hiyo hupukutika pamoja na ngozi. Hata wao huambiwa wapake kidogo kidogo usoni, wasizidishe kwenye nyusi na ukingo wa nywele, vinginevyo uso unakuwa mabaka. Huambiwa pia kwamba rangi hiyo haikingi jua. Lakini mtu akikosea, siku zikipita rangi inaondoka.

Mkorogo hauko hivyo. Hauishii juu ya ngozi, unakwenda kuvuruga mahali rangi inapotengenezwa. Kuna vitu vitatu vya kuogopa. Cha kwanza ni zebaki, ambayo huzuia melanini isitengenezwe lakini huingia mwilini na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Haibaki kwa aliyejipaka peke yake: mtoto anayebebwa, anayebusiwa na anayejifuta taulo la mama yake hupata sehemu yake, na mimba pia. Maji ya kuogea nayo huishia baharini, na zebaki ya baharini hurudi kwetu ndani ya samaki. Cha pili ni haidrokwinoni. Ikitumiwa muda mrefu bila daktari, huweza kuleta madoa ya rangi ya bluu iliyoiva, hasa mashavuni, na madoa hayo ni magumu mno kuondoka. Cha tatu ni dawa za steroidi, ambazo hospitali hutumia kwa ugonjwa na kwa muda maalumu. Zikipakwa usoni kila siku ngozi huwa nyembamba, chunusi hutoka, kidonda huchelewa kupona, na mtu akiacha ghafla uso huwaka na kuwasha. Kwa hiyo mama aliyetaka kusawazisha weusi wa jua anamaliza na ngozi isiyo na mwavuli kabisa, na bamvua lijalo lazima ashuke tena.

Mwenye duka, soma kopo kabla hujaliweka. Majina huandikwa kwa Kiingereza: mercury, mercurous, mercuric, calomel, hydroquinone, clobetasol, betamethasone. Ukiona onyo kwamba mafuta yasiguse dhahabu, fedha, alumini au mpira, jua hiyo ni dalili ya zebaki. Ukiona kopo halina orodha ya viambato, au umeletewa mchanganyiko uliotiwa kwenye chombo kisicho na jina, usiuchukue. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umeyaweka mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki katika bidhaa za kuondolewa sokoni. Hapa kwetu Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2006 ipo, na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndio wenye kazi ya kukagua. Mzigo ukikamatwa, hasara ni yako wewe. Aliyekuuzia jumla yuko mbali.

Najua utaniambia: "Nisipouza mimi, atauza mwenzangu." Huenda ikawa hivyo. Lakini duka la kijijini linaishi kwa kuaminiwa. Anayenunua kwako mkorogo ndiye huyo huyo anayenunua unga, sabuni na sukari, na ndiye unayemkopesha mpaka mwani uuzwe. Uso wake ukiharibika, kijiji kizima kitajua ulitoka duka gani. Faida ya kopo moja haifiki faida ya mteja wa miaka kumi.

Na wewe mama, piga hesabu hii. Chukua bei ya kopo unalonunua kila mwezi, uigawe kwa bei ya kilo moja ya mwani mkavu uliyouza mara ya mwisho. Utapata kilo unazolipa kwa ajili ya kopo hilo. Kumbuka kila kilo kavu imetoka kwenye kilo saba au zaidi za mwani mbichi ulioubeba kichwani. Kisha jiulize kama jasho hilo linastahili kununua madoa.

Cha kufanya ni hiki:

1. Kofia pana. Wasusi wa ukili tunao vijijini. Kofia iwe na ukingo wa kufunika pua na shingo, uivae juu ya mtandio, na uiongezee kamba ya kidevu kwa ajili ya upepo. Mtandio peke yake hauweki kivuli usoni.

2. Upande wa kanga juu ya pua na mashavu wakati wa kuinama, kwa sababu kofia haizuii jua linalorudi kutoka majini.

3. Liwa. Saga msandali juu ya jiwe kwa maji safi au marashi ya waridi, upake tabaka jembamba jioni, likikauka osha bila kusugua kwa nguvu. Liwa hupoza na kulainisha, haichubui. Jaribu kwanza mkononi usiku mmoja. Singo yenye karafuu iache kwa mwili, isifike usoni.

4. Usipake limau usoni ukaenda juani, huunguza na kuacha weusi zaidi. Usipake mafuta ya karafuu au ya makonyo bila kuyachanganya, ni makali mno.

5. Ukiweza kununua losheni ya kukinga jua, tafuta yenye namba 30 au zaidi, na urudie kupaka kila baada ya saa mbili, kwa sababu maji na jasho huiondoa.

Haya yanataka subira ya miezi miwili au mitatu. Anayekuahidi uso mpya kwa wiki moja anakuficha kilichomo ndani.

Yapo pia madoa yasiyotokana na jua peke yake. Madoa ya mimba hutoka mashavuni na kwenye paji la uso, na mara nyingi hupungua baada ya kujifungua, ilimradi jua lisiyachochee. Doa jeupe au jekundu lisilohisi ukiligusa au ukilichoma linaweza kuwa ukoma. Huo unatibika na dawa zake hutolewa bure, lakini ukichelewa huleta ulemavu. Doa la namna hiyo lisipakwe kitu, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe au Hospitali ya Abdulla Mzee hapa Mkoani. Nenda pia kama umeshatumia mkorogo muda mrefu na unataka kuacha, uchukue na kopo lenyewe ili daktari aone ulichokuwa ukipaka.

Wenye maduka wa Mtambile, Kengeja, Chokocho na kwengineko, ombi langu ni moja: kabla ya bamvua lijalo, toa makopo hayo rafuni, na mahali pake tundika kofia za ukili na uweke vipande vya liwa. Msusi atauza, nyinyi mtauza, na mama wa mwani atapata alichokuja kutafuta.