Sangula iingie studio

Mwandishi aliyedai gazetini kuwa rap ikichanganywa na ngoma za asili imechakachuliwa anafuta historia yetu wenyewe. Kundi la rap la X Plastaz wa Arusha lilimpa Yamat Ole Meipuko, mwimbaji wa Kimaasai, nafasi kando ya mistari ya Kiswahili cha mtaani; albamu yake, Maasai Hip Hop, ilitoka 2004. Sikiliza koo la Ole Meipuko linavyounguruma chini ya mdundo. Hilo si pambo, ndilo linalobeba wimbo! Si kwetu tu: mwaka 2011 rapa Criolo wa São Paulo alitoa albamu ya Nó na Orelha, rap iliyokaa na samba na afrobiti, na Brazili ikampokea. Leo kijana wa Ifakara aambiwe aiache sangula, ngoma ya Wapogoro, ili aonekane halisi? Hapana. Airekodi, na wapiga ngoma walipwe.