Vita ya kunguru inahitaji hesabu, siyo sumu pekee

WAFUGAJI wa kuku wa kienyeji wa Bunju, Mbagala na Chamazi wanamfahamu vyema kunguru wa India, anayenyakua vifaranga na mayai mchana kweupe. Ndege huyo aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, kisha akasambaa pwani nzima.

Juhudi za kumpunguza si ngeni. Unguja ilimpiga vita miaka ya 1990 na idadi ikashuka sana, lakini fedha za mradi zilipokwisha akarudi. Dar es Salaam ilianza kutumia sumu mwaka 2010, na mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni moja. Swali la kiuchumi ni hili: wauawe wangapi kwa mwaka ili fedha isipotee bure?

Tuchukue mfano wa eneo lenye kunguru 10,000 wanaoongezeka kwa asilimia 30 kila mwaka. Wakiuawa 2,000, mwisho wa mwaka watakuwa 11,000; fedha imetumika na tatizo limekua. Wakiuawa 3,000, watabaki 10,000 mwaka hadi mwaka na gharama haitakwisha. Wakiuawa 6,000, watabaki 7,000 mwaka wa kwanza, 3,100 mwaka wa pili, na mwaka wa tatu wanaweza kumalizwa. Kazi ikisimama mwaka wa pili, ndani ya miaka mitano watazidi 10,000 tena.

Hata hivyo, ipo njia nafuu zaidi. Taka zikifunikwa na kuzolewa kwa wakati, kunguru hukosa chakula na huzaliana kidogo. Ongezeko likishuka hadi asilimia 15, kuua wale wale 2,000 kunatosha: mwaka wa kwanza watabaki 9,500, na wataendelea kupungua.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayetupa matumbo ya samaki nyuma ya kibanda anampandishia gharama mfugaji wa jirani, na halmashauri pia.

Mfugaji naye apige hesabu yake. Kama banda la wavu linagharimu Sh60,000 na kifaranga kinauzwa Sh2,000, vifaranga 30 vikiokolewa banda limejilipa. Halmashauri, kabla ya kununua sumu, ihakikishe ina fedha za miaka yote mitatu na magari ya kuzoa taka. Vinginevyo italipia kazi ile ile mara mbili.