Kijana wa Msumbiji mbele ya fahali

Mwezi huu tuache kidogo mashimo ya almasi, tuende mbali, mpaka Hispania.

Sisi wa Kisangani ng'ombe tunamjua zaidi sokoni, akiisha kuwa nyama. Sasa wewe jiweke mbele ya fahali wa kilo 500 hivi, pembe kali, amekasirika, na mkononi una kitambaa chekundu na upanga tu. Ndiyo kazi ya matadori. Wahispania wengi waliihesabu kuwa kazi ya heshima kubwa, na ni yao wenyewe. Mwafrika angeingia namna gani?

Ricardo Chibanga aliingia. Alizaliwa 1942 kule Lourenço Marques, mji unaoitwa leo Maputo. Wareno waliotawala Msumbiji walikuja na mchezo wao wa mafahali, wakajenga na uwanja mjini. Mtoto huyu wa mtaa alitazama, akapenda. Miaka ya 1960 akavuka bahari kwenda kujifunza Ureno.

Lakini Ureno sheria inakataza kumwua fahali uwanjani. Mwenye kutaka jina la matadori kamili alitazama Hispania, na huko hakuna kuruka ngazi. Mwanzo unapewa mafahali wachanga, wasiotimiza miaka 4. Miaka inapita, unaangushwa, unasimama tena. Siku yako ikifika, matadori mzee anakukabidhi kitambaa na upanga mbele ya watu wote, anakuachia fahali wa kwanza. Chibanga alipata siku hiyo mwaka 1971, uwanja wa Sevilla. Wakamwita El Africano, yaani Mwafrika.

Na usifikiri hapo umepumzika! Katika sehemu ya mwisho saa inakuhesabu. Zikipita dakika 15 fahali angali hai, wanamrudisha nje, na aibu ni yako, watu wanapiga mluzi.

Mimi, kumwua mnyama ili watu wafurahi, sikubali. Afadhali Waswahili wa Pemba: wao wanacheza na ng'ombe, kisha anarudi zake kula majani. Hata hivyo, wewe kijana unayeniambia kwamba ukifika Ulaya utapata mara moja, hesabu kwanza ile miaka ya Chibanga kabla ya Sevilla. Halafu mwulize mama yako kama angelala usingizi.

Chibanga aliishi mpaka uzee. Alikaa Golegã, kule Ureno, na hapo alifariki mwaka 2019, akiwa na miaka 76.