Keja za Kukodisha: Hesabu Yenye Wasee wa TikTok Hawakuonyeshi

Ukifungua TikTok saa hii, hutapitisha video tano kabla ukutane na msee amesimama mbele ya ploti, amevaa helmeti ya mjengo, anakuambia vile bedsita nane zitakufanya ulale na doo ziingie zenyewe. Wasee wanaskia hiyo story, kesho yake wako Sacco wakiitisha fomu ya mkopo.

Si uongo, kuna sababu hii story imerudi na moto. Katikati ya 2024, T-bill ya siku 364, yaani kukopesha serikali pesa yako kwa karibu mwaka mmoja, ilikuwa inalipa zaidi ya asilimia 16. Nani angejisumbua na mpangaji mkorofi? Lakini Benki Kuu ilianza kushusha riba Agosti 2024, na kufikia mwisho wa 2025 hiyo T-bill ilikuwa imeteremka chini ya asilimia 10. Chapaa iliyokuwa imekaa huko sasa inatafuta pahali pa kwenda, na Mkenya akikosa pa kuweka pesa, kitu ya kwanza anawaza ni ploti.

Swali ni kama keja ya kukodisha inafaa mtu anaanza leo na akiba ya miaka michache. Wacha tupige hesabu.

Bedsita nane, pole pole

Tuseme ploti iko Juja. Ukijumlisha shamba, mawe, mafundi, stima na maji, imekula milioni 5. Kila bedsita ni ngiri 7. Hiyo ni 56,000 kwa mwezi, 672,000 kwa mwaka. Video huishia hapo na muziki juu.

Sasa anza kukata. Keja nane kujaa mwaka mzima ni ndoto, kwa hivyo weka moja iko tupu kila wakati. Unabaki na 588,000. KRA inachukua asilimia 7.5, hiyo ni 44,100. Keateka wa 8,000 kwa mwezi ni 96,000. Rangi, mabomba, kufuli, gari ya kunyonya choo na ada za kaunti, weka 60,000. Mkononi unabaki na 387,900, kama 32,300 kwa mwezi.

Kwa milioni 5, hiyo ni karibu asilimia 7.8. T-bill hata vile ilikuwa imeshuka mwisho wa 2025, ukitoa kodi yake ya asilimia 15 bado ilikuwa inakuachia kitu kama 8, na haijawahi kukupigia simu saa tano usiku ikisema choo imeziba. Ni kweli ploti inaweza kupanda bei na rent unaweza kuongeza. Hiyo ndiyo faida ya ukweli ya keja. Lakini ni faida ya mtu anaweza kungoja miaka kumi bila kusukumwa na mtu.

Mkopo ndio unachoma

Wengi hawana milioni 5. Wana 2, halafu 3 zinatoka Sacco. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, ukilipa kwa miaka mitano, kila mwezi unatoa kama 66,700. Keja zinakuletea 32,300. Hizo zingine zaidi ya 34,000 zinatoka kwa mshahara wako, kila mwezi, miaka mitano.

Kama payslip yako inabeba hiyo, sawa. Kama haibebi, kumbuka nani alikusainia. Ukishindwa kulipa, Sacco inaendea wadhamini: yule mliyeanza kazi na yeye, ama binamu yako. Wao hawana hata mlango mmoja kwa hiyo ploti, na akiba yao ndiyo itakatwa.

Mpangaji wako ni nani?

Juja imejengwa juu ya makomredi wa JKUAT. Hiyo ni soko poa, mpaka siku haiko. Machi 2020 serikali ilifunga vyuo kwa sababu ya korona, makomredi wakapanda matatu kuenda ushago, na malandilodi wa bedsita wakabaki na milango mitupu. Benki na Sacco bado zilikuwa zinahesabu siku.

Ushindani pia umebadilika. Acorn, wenye hosteli za Qwetu na Qejani, walianza mfuko wao wa uwekezaji wa hosteli mwaka 2021, kwa hivyo hawajengi na akiba ya mtu mmoja. Serikali nayo iko ndani: Mei 2025 Ruto alikabidhi nyumba 1,080 pale Mukuru. Ukitaka kujenga karibu na mradi kama huo, jiulize mpangaji atakuchagua wewe kwa nini.

KRA haiangalii gharama zako

Kodi ya rent ya makao ilikuwa asilimia 10, ikashuka hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Inahesabiwa kwa rent yote umepokea kabla utoe gharama yoyote. Ukitengeneza paa mwezi huo, hiyo ni shida yako. Inalipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na inahusu mtu anapokea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Chini ya hapo, yaani chini ya 24,000 kwa mwezi, unaweka hiyo rent kwa ritani yako ya kawaida ya mwaka. Na usidhani hawakuoni: 2025 KRA ilileta mfumo wa eRITS, wa malandilodi peke yao.

Karatasi inaweza kukumaliza

Oktoba 2023 tingatinga ziliingia Mavoko, kwa ardhi ambayo korti ilisema ni ya East African Portland Cement. Watu walikuwa wamenunua, wamejenga, wamehamia. Mwaka uliofuata, baada ya mafuriko, serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni watoke, na manyumba zikaangushwa Mathare na Mukuru. Huruma 2016, jengo la ghorofa karibu na mto liliporomoka kwa mvua na watu zaidi ya 40 wakakufa. Wengi wao walikuwa wapangaji.

Kwa hivyo kabla utume hata mia ya dipoziti, fanya sachi ya taito wewe mwenyewe kwa Ardhisasa ama ofisi ya ardhi, si ile ajenti amekuprintia. Lipa sorveya wako akuonyeshe bikoni. Weka kando ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Ukijenga, pitia kaunti na NCA. Fundi akikuambia hiyo utaimaliza baadaye, tafuta fundi mwingine.

Sasa unaanzia wapi?

Anza na mguu, pesa itafuata. Chagua mtaa mmoja, tembea hapo Jumamosi tatu. Hesabu vibao vya keja tupu. Ongea na makeateka, wao ndio wanajua nani analipa, maji inakuja siku ngapi, na watu wanahama kwa nini. Mtaa ukiwa na vibao kila geti, bei ya ploti kuwa rahisi haikusaidii.

Kama mzazi ako na ploti Thika, Kitengela ama hata Kakamega, hiyo ni mwanzo mzuri kuliko kununua. Lakini andikeni makubaliano mbele ya wakili, na masiblings wasaini. Keja ikianza kulipa, kila mtu atakumbuka shamba ni ya familia.

Jenga mbili kwanza, kwa msingi uliopitishwa, halafu uongeze na pesa ya rent. Kwa mwezi, keja mbili za ngiri 7 hazitakufanya upigwe picha. Lakini zitakufunza kukusanya rent, kuongea na mpangaji amelost kazi, na kuweka rekodi, bila mtu wa Sacco kukutafuta.

Na kama doo bado ni ndogo, CBK inakubali uanze na elfu 50 kupitia DhowCSD. Iache ikue huko ukiendelea kutembea mtaa. Ploti haziishi Kenya. Msee anakuambia zimebaki mbili tu ndiye ako na haraka, na haraka yake isikuwe yako.