RUZUKU HUFUATA SHAMBA, JASHO HALINA DAFTARI

Ndugu zetu wanachama, huenda mtu akatuuliza: sisi watu wa visiwani, wenye minazi na mikarafuu, yatuhusu nini mambo ya Njombe na Makambako, nchi ya baridi na misindano? Jawabu letu ni jepesi. Mbatata tunazozipika majumbani mwetu, nyingi hutoka huko. Mbao tunazopaulia nyumba zetu hutoka huko. Hata umeme utufikiao kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, sehemu yake huzalishwa kwa maji ya Ruaha Mkuu, na baadhi ya mito iuongezayo Ruaha huo chimbuko lake ni milima ya Njombe. Mtu anayekula jasho la mwenziwe, ni wajibu wake ajue jasho hilo linatoka wapi na linalipwa nini.

Sisi ni watu wa duka, na elimu yetu ni ya chuoni. Hatudai kuwa mabingwa wa kilimo. Lakini biashara imetufikisha Makambako, pale njia ya Dar es Salaam, ya Mbeya na ya Songea zinapokutana, na reli ya TAZARA inapopita. Tuliyoyaona pale tumeona si haki kuyanyamazia.

Tuanze na ruzuku. Mwaka 2008 Serikali ya Muungano ilianza kugawa vocha za pembejeo. Mkulima mdogo wa mahindi alipewa vocha za mbolea na mbegu za kutosha eka moja, naye akatakiwa alipe kiasi cha nusu ya bei kutoka mfukoni mwake. Mpango ule ulikwisha mwaka 2014. Kisha mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea duniani, Serikali ilirudisha ruzuku kwa njia nyingine: mkulima ajiandikishe, aeleze kijiji chake na ukubwa wa shamba lake, apewe namba, akanunue kwa wakala. Msimu ule mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia au wa yurea ulishushwa hadi shilingi 70,000, ilhali bei yake ya soko ilikuwa imepita laki moja.

Hatusemi kuwa jambo hili ni baya. Mwenye insafu hawezi kukanusha kuwa limewaokoa wakulima wengi, na nchi ya nyanda za juu kusini ndiyo ghala la mahindi la taifa. Ghala za Hifadhi ya Chakula pale Makambako ni shahidi. Lakini twauliza: asiye na shamba anajiandikisha wapi?

Maana katika Njombe wako watu wengi wasio na shamba la kutosha, au wasio nalo kabisa, nao ndio wanaolima mashamba ya wengine. Wanapalilia mahindi ya wengine, wanachimba mbatata za wengine, wanachuma maparachichi ya wengine. Vocha ya mwaka 2008 ilimtaka mtu awe na nusu ya bei. Fukara akabaki nje. Daftari la mwaka 2022 lilimtaka mtu awe na shamba. Kibarua akabaki nje. Mara mbili mlango umefunguliwa, na mara mbili yeye ameachwa kizingitini.

Tufanye hisabu ndogo, kama tufanyavyo dukani. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa kilimo kima cha chini cha shilingi 140,000 kwa mwezi. Basi mshahara wa mwezi mzima ulikuwa sawa na mifuko miwili ya mbolea, tena mbolea iliyokwisha kupunguzwa bei! Na huyo ni yule aliyelipwa kwa sheria. Kibarua wa kutwa asiye na mkataba, anayechukuliwa alfajiri na kuachwa jioni, nani amempimia?

Sasa tuje kwenye miti. Njombe imezoea miti ya biashara tangu mwaka 1949, lilipoanzishwa shirika la kupanda miwati kwa fedha za Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza. Leo vilima vimejaa misindano na mikaratusi, na iliyo mingi si ya mashirika tena bali ni ya watu binafsi. Baadhi yao ni wanakijiji, na baadhi ni watu wa mijini walionunua ardhi, wakapanda, wakaondoka. Msindano hukaa ardhini miaka kumi na zaidi kabla ya kukatwa, na muda wote huo ardhi ile hailimwi chakula. Kijana ambaye babake aliiuza hurejea pale pale kama kibarua: kupanda, kupogoa, kukata, na kubeba mbao begani kutoka kwenye zile mashine ziitwazo huko dingdong, ambazo msumeno wake haumwonei huruma mwenye kidole.

Tulimwona kijana mmoja pale akipakia lori, begani amekunja gunia. Tulimuuliza, "Mwanangu, shamba hili la nani?" Akatujibu kwa adabu, "Shikamoo mzee. La tajiri wa Dar es Salaam. Zamani lilikuwa letu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja khabari ya mvua.

Ziko sheria za mipango. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zimekipa kijiji uwezo wa kugawa ardhi yake: hapa makazi, hapa kilimo, hapa miti, hapa chanzo cha maji. Na mradi wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Finland na za Serikali, ulisaidia vijiji kufanya mipango hiyo na kuunda vikundi vya wapanda miti. Lakini hapa napo mwenye kuingia kikundini ni mwenye ardhi. Ramani huchorwa kwa ajili ya kipande cha nchi. Mtu anayekodisha mikono yake haonekani katika ramani.

Tena iko Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza kazi za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Twaikubali hikima yake, kwani mto ukikauka tutakosa sote, sisi wa huku pia. Lakini huko bondeni ndiko viliko vinyungu, vile vibustani vya kiangazi vinavyompa maskini mboga na mahindi mabichi wakati milimani ni kukavu. Mwenye eka mia za misindano hapati dhara akiondolewa bondeni. Asiye na kitu ila kinyungu, hapati dhara tu, hupata njaa. Sheria ni moja, uzito wake si mmoja.

Na kipimo je? Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao kupita kilo 100. Lakini lumbesa ya mbatata, gunia lililoshonewa kilemba juu, tumeiona kwa macho yetu. Mkulima hulipwa gunia moja akatoa zaidi ya moja, na mchukuzi hulipwa mzigo mmoja akabeba zaidi ya mmoja. Iko Sura nzima katika Msahafu iliyoshuka kuwalaani wapunjao vipimo. Na sisi wafanya biashara tusijitoe: gunia hilo mwisho wake ni madukani kwetu.

Basi twataka nini? Kwanza, anayepokea ruzuku kwa shamba kubwa asharutishwe kuonesha kuwa amewalipa vibarua wake kima cha sheria. Pili, kila kijiji kinapopanga ardhi, kitenge fungu la wasio na shamba, na mkutano mkuu wa kijiji usikie sauti yao kabla ya ramani kutiwa muhuri. Tatu, mtu asiondolewe kinyunguni kabla ya kuoneshwa pengine pa kulima. Nne, mizani iwekwe sokoni Makambako na Njombe, nasi wanunuzi wa visiwani tukatae lumbesa, hata ikitupunguzia faida.

Wazee wetu wa visiwani wayakumbuka haya. Mwaka 1934 zilipotoka amri za kukipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichosemwa ni kumlinda mwenye mikarafuu. Mchumaji aliyepanda juu ya mti hakuulizwa neno. Yaliyotupata sisi jana tusiyatazame kwa wenzetu leo tukakaa kimya.