Ngome ya Zamani, Mapaa ya Juzi

Wenzangu wa elimu, nina la kuungama. Nilipokuwa TP mwaka jana, siku ya kugusia ukabaila wa Ulaya nilichora ngome ubaoni: ukuta mnene, minara ya duara, na juu ya kila mnara paa lililochongoka kama pia. Nikawaambia wanafunzi, hivi ndivyo ngome za Zama za Kati zilivyokuwa. Wakanakili. Mkaguzi akanipa alama nzuri.

Muhula huu niko Toulouse, Ufaransa, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Jumamosi moja tukapanda treni kwenda Carcassonne, mwendo wa saa moja hivi. Ukiwa darajani kwenye mto Aude unaiona juu ya kilima: kuta mbili, moja ndani ya nyingine, jumla karibu kilomita 3, na minara zaidi ya 50. Jamani, ni ile ile niliyoichora! Nilifurahi kama mtoto.

Kisha mtembeza wageni akatuambia kwamba mapaa yale yaliyochongoka ni ya karne ya 19. Ni kazi ya msanifu Eugène Viollet-le-Duc, aliyeanza kuikarabati ngome mwaka 1853. Aliyaezeka kwa mawe bapa ya kijivu, mtindo wa kaskazini, wakati kusini watu wamezoea vigae vyekundu na mapaa yasiyoinuka sana. Kwa hilo amelaumiwa sana.

Mwenzangu akasema, "Kumbe feki! Twende zetu tukale." Hapo ndipo ninapopingana naye.

Si feki. Sehemu za ukuta wa ndani ni za enzi za Warumi. Kasri lililomo ni la ukoo wa Trencavel, karne ya 12. Mwaka 1209 jeshi la vita vya msalaba, lililotumwa dhidi ya Wakathari, liliuzingira mji huu. Wakazi walitolewa mikono mitupu, na bwana wao, Raymond-Roger Trencavel, akafia kifungoni mwaka huo huo akiwa na miaka 24. Ni miwili tu mbele yangu. Mwaka 1659 mpaka wa Ufaransa na Hispania ulisogezwa mbali na ngome ikakosa kazi. Watu wakachukua mawe yake wakajengea, na maskini wakajenga vijumba katikati ya zile kuta mbili.

Katikati ya karne ya 19 serikali ilitaka kuta zibomolewe. Mwenyeji mmoja, Jean-Pierre Cros-Mayrevieille, alipigana zisibomolewe, na ndipo ukarabati ukaja. Lakini ili ngome ionekane ya zamani, vile vijumba vya maskini vilivunjwa na wenyewe wakahamishwa. Leo pale pana nyasi safi, watu wanapiga selfi.

Hoja yangu ni hii: tukifundisha mashujaa wa farasi na mapanga peke yake, tunafundisha filamu. Viollet-le-Duc aliuokoa mji, hilo tusimnyime. Mwaka 1997 UNESCO ilipouingiza kwenye Urithi wa Dunia, ukarabati wake nao ulitajwa kuwa sababu. Lakini kuna waliolipa kwa kupoteza makazi. Mwanafunzi anastahili kuyasikia yote mawili.

Najua mtasema muda hautoshi na mtihani hauulizi hayo. Sawa. Lakini maswali matatu yanahitaji dakika tano tu: Nani alijenga? Nani alikarabati, na alibadilisha nini? Nani aliondolewa? Mwanafunzi akizoea kuuliza hivyo mbele ya jengo lolote la kale, umemfundisha historia.

Mimi nimeanza. Nimemtumia mwalimu wa somo kule nilikofanyia TP picha za Carcassonne, nikamwomba awaambie wanafunzi kwamba mchoro wangu ulikuwa na kosa, na kosa lenyewe ni lipi. Alama za mkaguzi siwezi kuzirudisha.