Kuku Umpendaye Akifa

Ndugu msomaji, kuku akifa kijijini watu husema, "Ni kuku tu." Mimi sikubaliani na maneno hayo. Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji. Kazi yangu ni kutibu watu, si kuku. Lakini watu ninaowatibu wanafuga kuku, na uchungu wao ninauona.

Kuku mmoja ni mali. Mayai yake hununua chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Tena kuku hupendwa. Yuko kuku anayeitwa kwa jina naye akaja. Yuko anayekula pumba mkononi mwa mwenyewe. Kuku wa namna hiyo akifa, mwenyewe huhuzunika. Kumcheka ni kukosa utu.

Bibi mmoja wa kijijini kwetu alikuwa na mtetea wa kishingo. Alikaa naye miaka mitatu. Siku moja kuku alianza kuzubaa. Mabawa yalilegea, akaharisha kijani, shingo ikapinda. Bibi akaja zahanati. Akasema, "Mjukuu wangu, nipe zile kapsuli za rangi mbili nikamnyweshe kuku wangu." Nikamjibu, "Bibi, dawa hizo hazitamponya." Siku ya tatu kuku akafa. Majirani wakamwambia, "Si ungemchinja mapema tukapata mchuzi?" Bibi alikataa. Alimzika nyuma ya nyumba. Wakamcheka.

Mimi nasema bibi yule alifanya sawa. Nitaeleza sababu.

Dalili zile ni za mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Huenea kwa hewa, kinyesi, maji ya kunywa, viatu na matenga ya kuku. Mdondo hauna dawa ya kutibu. Ukiingia katika kuku wasiochanjwa, unaweza kuua karibu wote.

Zile kapsuli haziui virusi. Huua vijidudu vya aina nyingine, vile viitwavyo bakteria. Ukimpa kuku mwenye mdondo, umepoteza dawa, na kuku atakufa. Tena, dawa zikitumiwa ovyo, bakteria huzizoea. Siku mtoto wako akiugua kweli, dawa ile ile huenda isimsaidie. Kwa hiyo usimpe kuku dawa za watu.

Je, kwa nini usimchinje kuku mgonjwa? Mdondo wenyewe huweza kumletea mtu macho mekundu yanayotoa machozi, na kwa kawaida hupona baada ya siku chache. Lakini wewe na mimi hatuwezi kujua kwa macho kama kuku ana mdondo au mafua ya ndege. Dalili zake hufanana. Mafua ya ndege yanaweza kuua watu. Mwaka 1997 huko Hong Kong yaliwapata watu 18, na 6 kati yao walikufa. Mwaka 2017 aina moja ya mafua ya ndege ilikutwa kwa ndege wa nchi jirani ya Uganda, karibu na Ziwa Victoria. Mtu anayechinja na kunyonyoa kuku mgonjwa hushika damu, manyoya na matumbo yake. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Tena matumbo na manyoya yakitupwa uani, kuku wa jirani huchakura na kuugua.

Wengine humkimbiza kuku mgonjwa gulioni wakamuuze kabla hajafa. Ndugu yangu, huyo hauzi kuku, anauza ugonjwa. Anamletea mwenzake hasara ile ile aliyoikimbia.

Basi kuku wako akifa, fanya hivi. Usimshike kwa mikono mitupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi. Mzike katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, au mchome moto. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha banda na vyombo vya maji. Kuku wengi wakifa kwa pamoja, mwarifu bwana mifugo siku hiyo hiyo. Mtu aliyewashika akipata homa na kikohozi, aje zahanati upesi, na aseme kwamba alishika kuku wagonjwa.

Kama kuku alikuwa wa mtoto, usimfiche kwa kumwambia kuku amepotea. Mweleze kuwa amekufa kwa ugonjwa. Mwache asimame mbali kidogo aone anavyozikwa. Mtoto akilia, usimkemee. Mtoto anayemhurumia kuku atajifunza kuhurumia watu.

Lakini huruma ya kweli huja kabla ya kifo. Chanjo ya mdondo ipo. Iko aina moja inayovumilia joto, inaitwa I-2. Hata hiyo isiachwe juani. Kila kuku hupewa tone moja katika jicho moja, mkubwa na kifaranga. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kama bwana mifugo atakavyoelekeza. Chanjo si dawa ya kuku aliyekwisha kuugua. Huwakinga wazima, nayo huhitaji kama wiki mbili kabla ya kufanya kazi vizuri. Usingoje kusikia kwamba mdondo uko kijiji cha pili.

Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja. Kwa hiyo changeni, nyumba kadhaa, mchanje siku moja. Ukichanja peke yako, ugonjwa utabaki kwa jirani.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nasi tuwafuate. Kuku uliyemnunua au kupewa zawadi, mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine.

Ndugu msomaji, usione haya kumpenda kuku wako. Ila mapenzi yasiishie kwenye kumlilia. Leo jioni kuku wakiingia bandani, wahesabu. Kesho nenda kwa jirani yako ukamwulize ana wangapi. Kisha nendeni pamoja kwa bwana mifugo mkaulize siku ya chanjo.